Nilitazama kichwa, sikutazama cheni

Mwanzoni mwa 2019 nilipata simu mbili za kazi ndani ya wiki moja, bahati ambayo dereva mgeni haitegemei. Nilikuwa nimetoka kwenye miaka minne ya uutingo, nimesomea magari makubwa pale NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo, na leseni yenye daraja E nilikuwa naitoa mfukoni kuitazama hata nikiwa peke yangu.

Simu ya kwanza ilitoka yadi moja ya Kurasini. Nilikuta vichwa vipya vya malori, yaani gari lenyewe linalovuta tela, vimepangwa mstari mmoja, viti vingine bado vina nailoni. Simu ya pili ilitoka Visiga, ukishapita Kibaha. Huko nilikuta uwanja wa vumbi, magari ya zamani yaliyopakwa rangi kwa brashi, na mafundi wawili wamelala chini ya tela. Mileji, ile posho ya safari, ya Kurasini ilizidi ya Visiga kwa laki moja na nusu kila safari ya Kongo.

Niliamua kabla sijafika kituo cha daladala. Sikuuliza mtu, sikurudi mara ya pili, sikuomba kuonyeshwa stoo. Nilitazama kichwa, nikakipenda.

Wadogo zangu wanaotoka chuoni huniuliza: kaka, nikaombe wapi? Siwatajii jina la kampuni. Mameneja hubadilika, na kampuni nzuri mwaka huu inaweza kuuzwa mwakani. Ninachoweza kuwapa ni namna ya kutazama, hasa kwa anayetaka kazi ya flati, tela la wazi lisilo na kuta, maana flati si sawa na magari mengine.

Kwenye tangi, mzigo umefungiwa ndani. Kwenye kontena, ukishafunga loki za pembe nne na kuona lakiri haijaguswa, kilichomo ndani ni cha aliyekipakia. Flati ni jukwaa tupu. Kila kilicho juu yake kimekaa pale kwa sababu wewe na utingo wako mmekifunga, na kikianguka jina linaloandikwa ni lako. Leo utabeba nondo, kesho mashine ya mgodini, keshokutwa magunia makubwa ya sulfa yanayokwenda Kongo kwenye viwanda vya shaba, halafu urudi na shaba yenyewe. Kila mzigo una ufungaji wake. Kwa hiyo dereva wa flati anaajiriwa na kampuni, lakini uhai wake uko mikononi mwa stoo ya kampuni hiyo. Mimi sikuielewa sentensi hii mpaka safari yangu ya kwanza.

Nilipewa nondo za kupeleka Mbeya, tani 28. Nondo za mita 12 zinajaza tela karibu lote, na ncha zake zote zinaelekea mgongoni mwako. Stoo walinipa mikanda saba. Mitatu haikuwa na lebo, na kingo zake zilikuwa zimechanika nyuzi kama mkeka uliozeeka. Siku hizi najua kwamba lebo ile, ya bluu kwa mkanda wa poliesta, ndiyo inayosema mkanda unabeba nguvu kiasi gani. Mkanda usio na lebo ni kitambaa tu, hakuna anayejua utakatikia wapi. Niliomba cheni, nikaambiwa cheni zimekwenda na magari mengine. Niliomba mikanda mingine, mtunza stoo akasema, "Hiyo hiyo ndiyo wenzako wanatumia." Nilikuwa mgeni, sikutaka kuonekana msumbufu siku ya kwanza. Nikafunga, nikaondoka.

Barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Ilikuwa alfajiri na ukungu mwepesi, mwendo wangu haukufika hata 60, na nyati wakatoka kwenye nyasi upande wa kushoto. Nikakanyaga breki. Gari lilitii. Nondo hazikutii. Nilisikia sauti kama geti la chuma linaburutwa juu ya saruji, ikaja kwa kasi kuelekea kisogoni mwangu, kisha kishindo. Mikanda miwili ilikatika. Ukuta wa mbele wa tela ulijipinda ukakaribia kabisa kugusa kibanda cha dereva. Utingo wangu alikuwa amelala kitandani nyuma ya kiti. Kama ukuta ule ungekuwa mwembamba kidogo tu, nondo zingempitia yeye kwanza.

Baadaye nilijifunza hesabu yake. Kanuni za ufungaji mizigo wanazofuata Ulaya na Marekani zinataka vifungio viweze kuzuia nguvu ya kwenda mbele sawa na asilimia 80 ya uzito wa mzigo, na asilimia 50 kwa pembeni na kwa nyuma. Kwa tani 28 za nondo, unazuia tani 22 na zaidi zisikufuate unapofunga breki. Mimi nilikuwa nazizuia kwa mikanda saba, mitatu kati yake haina lebo.

Nilimpigia msimamizi wa safari. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Kichwa kimeguswa?"

Nikamjibu hapana. Akasema, "Basi zisogeze, kaza, endelea." Hakuuliza kama mimi mzima. Hakuuliza habari za kijana. Nilikaa pembeni ya barabara na simu mkononi, utingo ananitazama, na hapo ndipo nilipoanza kuijua kampuni niliyoichagua. Ningeweza kuijua siku ya kwanza kwa kuuliza maswali matatu tu.

Mshahara wa mwezi ule ulikuja umekatwa. Ukuta wa tela: dereva. Mikanda iliyokatika: dereva. Mwezi uliofuata tairi lilipasuka karibu na Mafinga, tairi lililotolewa gari jingine likafungwa kwangu likiwa limekwisha: dereva. Turubai likachanika kwa upepo: dereva. Mwezi wa nne, baada ya makato yote, nilibaki na fedha isiyotosha kodi ya chumba kimoja na chakula cha mama yangu. Ile laki moja na nusu niliyoifuata Kurasini ilikuwa imerudi Kurasini kwa njia nyingine, na imebeba na nyingine.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu madereva wengi wanaamini makato ya aina hii ni haki ya mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haisemi hivyo. Mwajiri akitaka kukukata kwa ajili ya hasara, lazima hasara hiyo iwe imetokea kazini na kwa kosa lako. Lazima akuandikie chanzo chake, kiasi chake na alivyokihesabu. Lazima akupe nafasi ya kupinga. Asidai zaidi ya hasara halisi, na makato hayo yasizidi robo ya mshahara wako wa fedha. Tairi lililokwisha, ulilokabidhiwa likiwa limekwisha, ni kosa lako kwa hesabu gani? Mimi sikujua lolote katika haya. Nilikuwa nasaini karatasi ya malipo nikiwa nimesimama, foleni nyuma yangu, mhasibu ameshika kalamu.

Kuna jambo jingine la njia hii ambalo mgeni halijui mpaka limpate, nalo ni upakiaji wa shaba. Ukiwa umezoea kuona mzigo kwa urefu wake, shaba itakudanganya. Ni nzito mno. Tani 30 zake ni mita za ujazo tatu na kitu tu; zikisambazwa juu ya tela la mita 12, ukitazama kwa mbali utasema gari linarudi tupu. Inakuja kwenye vifungu vya sahani zilizofungwa pamoja, kila kimoja tani mbili hivi. Mgodini wanapakia kwa foko, mashine ya kunyanyulia mizigo, haraka haraka kwa sababu nyuma yako kuna magari mengi. Foko akiweka vifungu viwili mbele zaidi ya inavyotakiwa, uzito wa jumla utakuwa sawa lakini ekseli za kichwa, mihimili inayoshika magurudumu yake, zitakuwa zimezidiwa.

Ndivyo ilivyonitokea. Sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inaruhusu jumla isiyozidi tani 56 kwa gari la ekseli saba, lakini kila kundi la ekseli nalo lina kikomo chake. Nilipita mpaka wa Tunduma vizuri, nikaingia mizani ya Mpemba nikiwa na amani kwa sababu jumla yangu ilikuwa chini. Ekseli za kichwa zikakataa. Nilizuiwa, nikatafuta foko la kukodi, nikapanga upya chini ya jua, siku nzima imekwenda. Kampuni ikasema ni uzembe wa dereva, gharama ikaingia kwenye makato. Hakuna mtu hata mmoja katika ofisi ile aliyewahi kunionyesha vifungu vya shaba vikae wapi kwenye tela lao.

Na shaba ni fedha. Kila dereva wa njia hii ana mwenzake aliyewahi kusimamishwa usiku upande wa pili wa mpaka akashushiwa mzigo. Wengine walibaki na kesi. Kampuni inayojali inakupangia utembee na wenzako, inakuambia ulale wapi, na inalipa maegesho yenye ulinzi. Yangu ilinirudishia risiti za maegesho mkononi na kusema, "Hizi hatulipi, lala kwenye gari lako." Miezi ile nililala nikiwa nimefunga mlango kwa mkanda kutoka ndani.

Niliondoka mwishoni mwa 2020 baada ya kudaiwa mafuta ambayo hesabu yake sikuonyeshwa. Watu waliniambia niende CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nilichelewa kwa sababu ya aibu na kwa sababu ya kutafuta kazi nyingine. Nilipofika zilikuwa zimepita siku tisini na kitu. Niliambiwa kwa upole kwamba mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa kufikishwa ndani ya siku 30 na migogoro mingine ndani ya siku 60, na kwamba naweza kuomba kuongezewa muda nikiwa na sababu ya msingi. Kisha yule ofisa akaniuliza, "Mkataba wako uko wapi?" Sikuwa na nakala. Hati ya malipo ya mshahara? Sikuwa nayo. Barua ya makato? Hakuna. Nilishukuru, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi.

Kwa hiyo nilipoanza kutafuta tena mwaka 2021 nilifanya kinyume cha kila nilichofanya mara ya kwanza.

Nilianzia nje ya geti. Karibu na kila yadi ya malori kuna mama ntilie, na mama ntilie ana daftari la madeni. Nilikaa, nikaagiza wali maharage, nikala taratibu, nikarudi kesho yake. Siku ya tatu nikamwuliza, "Mama, hawa madereva wa hapa wanalipa lini?" Katika yadi moja ya Tabata mama wa pale alicheka akasema, "Wanangu hawa? Wananidai subira tangu Machi." Tulikuwa mwezi wa tano. Niliondoka bila kuingia ndani. Katika yadi ya Visiga, ile ile ya vumbi niliyoidharau, mama wa pale alinijibu bila kufikiri: "Tarehe 28. Ikiangukia Jumapili, Ijumaa." Hakuna barua ya mwajiri iliyowahi kuniambia mengi kuliko jibu lile.

Wa pili kuwauliza ni mautingo, si madereva. Dereva anaweza kuisifia kampuni kwa sababu anaogopa, au kuiponda kwa sababu aligombana na mtu. Utingo hana cha kulinda. Nilimwuliza mmoja gari likiharibika porini inakuwaje. Akasema, "Anakuja fundi kutoka Mbeya na tairi lake, na hela ya kula inatumwa jioni hiyo hiyo."

Ndipo nikaingia ndani kuomba kazi. Niliomba kuona stoo kabla ya kuona ofisi. Msimamizi wa yadi, mzee mmoja mwenye mvi aliyekuwa dereva zamani, alinitazama kwa muda, kisha akachukua funguo. Cheni zilikuwa zimening'inizwa kwenye misumari, kila moja na alama ya rangi kuonyesha imekaguliwa lini. Mikanda imekunjwa, lebo zinaonekana. Kulikuwa na vipande vya mpira mzito wa kulalia chini ya chuma ili mzigo usiteleze, kabari za mbao, pembe za kukinga mkanda usikatwe na kingo za bati. Pembeni, ndoo yenye mikanda iliyokatwa vipande viwili kwa kisu. Nikauliza kwa nini wameikata. "Ili asije mtu akairudisha kazini," akasema.

Magari yao yalikuwa ya zamani. Nikafungua boneti ya moja, nikatazama matairi yote ya tela, nikalala chini nikatazama breki. Zilikuwa zimetunzwa. Kichwa chenye kilomita nyingi na breki nzima kitakushusha mlima wa Kitonga. Kichwa kipya chenye mikanda mibovu nyuma yake kitakushusha vilevile, ila hutajua utafikia wapi.

Mzee yule hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipeleka kwenye tela lililopakiwa mabomba, akasema, "Tafuta kosa." Niliona mkanda mmoja umepita juu ya kingo bila kukingwa. Nikaona nguzo moja ya pembeni haina pini. Akasema, "Liko la tatu." Sikuliona. Akanionyesha: bomba la katikati safu ya juu lilikuwa halijabanwa na lolote, limekaa tu kati ya wenzake, na likianza kuteleza hakuna kitakachoiambia mikanda. Kisha akasema nitafanya safari mbili pamoja na dereva mwenyeji kabla ya kukabidhiwa gari, kwa nusu ya mileji. Miaka miwili nyuma ningeona nimedharauliwa. Safari hii nilisikia moyo umetulia, kwa sababu nilijua kampuni isiyokufundisha ndiyo inayokukata.

Dereva mwenyeji niliyepewa nilimwita mzee pia, ingawa hakuwa mtu mzima sana. Kitu cha kwanza alichonifundisha kilikuwa kusimama. Tulitoka Visiga saa kumi na mbili asubuhi, Chalinze akaegesha. Nikamwuliza kuna nini. "Mkanda ulioukaza asubuhi, hapa umeshalegea. Mzigo ukianza kutembea unajipanga upya. Shuka ukaze." Tulishuka tukakaza, na kweli, kila mkanda ulikubali meno mawili matatu zaidi. Tukakaza tena Mikumi, tena kabla ya kupanda Kitonga. Kurudi na shaba alinifundisha kuanza kuteremka Kitonga kwa gia ndogo tangu juu kabisa, breki ya injini ikifanya kazi, mguu ukiwa akiba. Mgodini kwenyewe alitoa kwenye droo karatasi yenye mchoro wa tela letu, imeandikwa kifungu cha kwanza kikae wapi na cha mwisho kikae wapi, akampa dereva wa foko. Karatasi tu. Nilikumbuka siku yangu ya Mpemba, nikageukia dirishani ili asinione.

Mkataba nilipewa nakala siku niliyosaini, wenye jina langu, kazi yangu, mshahara na mileji vikiwa vimetenganishwa. Litazameni sana hili. Kuna kampuni zinakuambia fedha nyingi, kumbe mshahara ni mdogo na iliyobaki ni mileji, na mileji haipo gari likilala gereji miezi miwili. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nao unahesabiwa kwa ule mshahara mdogo. Baada ya miezi mitatu nilikwenda NSSF mwenyewe kuangalia kama michango inaingia. Ilikuwa inaingia. Nikauliza pia habari za WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa sababu dereva wa flati hupanda juu ya mzigo kila siku na kuanguka ni jambo la dakika moja. Mchango ule ni mzigo wa mwajiri, hautakiwi kukatwa kwenye mshahara wako.

Mengine nitayasema kwa kifupi. Anayekuomba fedha ili akuajiri, ondoka. Anayetaka kushika pasipoti au leseni yako halisi, mpe nakala. Wadhamini wawili ni kawaida, usikasirike. Kampuni kubwa na ndogo zote zina uzuri na ubaya. Nimeona kampuni ya magari sita inayomzika mama wa dereva kwa heshima, na nimeona ya magari mengi isiyojua dereva wake yuko hospitali. Aina ya kichwa, rangi, redio, kiyoyozi: furahia ukivipata, lakini visiwe sababu.

Siku niliyojua nimechagua sawasawa ilikuwa Agosti 2024. Zambia ilifunga mpaka wa Kasumbalesa kwa sababu ya mvutano wa kibiashara na Kongo. Zilikuwa siku chache tu, lakini tulioko ndani ya foleni hatukujua kama ni siku au wiki. Malori yalikuwa mbele na nyuma hadi macho yanapoishia. Nilikuwa upande wa Kongo, nimebeba shaba, maji yamebaki lita tano. Jioni ya siku ya kwanza simu yangu iliita. Ni mzee wa yadi. Akauliza, "Mko wazima? Kijana anakula?" Kisha akasema fedha ya chakula ya siku nne imetumwa kwa dereva mwenzetu aliyekuwa upande wenye mtandao, na kwamba tusogeze magari yetu matatu yakae pamoja, usiku tuangalie kwa zamu. Akamalizia, "Siku hizi zote zinahesabiwa kazini."

Jirani yangu kwenye foleni alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, Mtanzania, kichwa kipya kabisa. Alikuwa amempigia msimamizi wake tangu asubuhi, simu haipokelewi. Siku ya pili alikuja kuomba chumvi, na mimi nikajua hakuwa na cha kutilia chumvi. Tulipika pamoja siku zote zilizobaki. Mama mmoja wa pale alituuzia unga kwa mkopo. Kiswahili chake kilikuwa cha Lubumbashi, kuna maneno tuliyabahatisha, lakini mkopo tulielewana.

Siku mpaka ulipofunguliwa kijana yule alipanda garini, akateremka tena, akaja dirishani kwangu. "Kaka, pale kwenu wanachukua watu?"

Nikamwambia asitegemee neno langu. Nikampa namba ya mzee, nikamweleza mahali anapokaa mama ntilie wa Visiga na siku nzuri ya kwenda, na kwamba akifika aombe kwanza kuona stoo. Aliandika yote nyuma ya karatasi ya mizani. Halafu akatazama tela lake, akazunguka upande wa pili, na kwenye kioo nikamwona ameinama anaishika mikanda mmoja mmoja, anatafuta lebo.